Shamba la Udongo Mbichi

Nusu ya habari hii nilipewa na Elva Noske tukiwa tunatoa kokwa za aprikoti kwenye jiko la kanisa, kiangazi kilichofuata baada ya mvua kurudi Wimmera, wilaya yetu ya ngano na kondoo. Nusu nyingine nilipewa na mumewe, Reinhold, siku alipokuja kunitengenezea mlango wa banda la kuku. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyenieleza. Mimi nimeziunganisha tu, kama mtu anavyoshona vipande viwili vya shuka moja.

Shamba lilikuwa limeshauzwa. Zanker, jirani wa ng'ambo ya barabara, alinunua ardhi. Nyumba na mabanda hakuyahitaji, wala hakuficha. "Nikishayalaza chini, trekta litapita moja kwa moja bila kugeuka," alimwambia Reinhold, na Reinhold akatikisa kichwa kama anayeambiwa habari za mtu asiyemjua. Ukame ulikuwa umewala kondoo, ukala ngano, mwisho ukala na maneno mdomoni mwake. Walibakiza mnada wa vitu, halafu wahamie nyumba ya kupanga mjini.

Siku ya mnada magari yalianza kuingia getini mapema, Elva hajamaliza hata kupasha skonzi. Kila kitu kilikuwa kimepangwa shambani mistari mistari, kama ilivyo desturi: mwanzo wa mstari spana, minyororo na makopo ya misumari, kisha vitu vya nyumbani, mwisho kabisa trekta na mashine ya kuvunia. Majirani walipita mikono nyuma, wakigeuza vitu kwa ncha ya kiatu. Huku kwetu kitu kikishatajwa kwenye mnada na nyundo ikagonga, si chako tena, hata kama ni kisu alichokuachia babu yako. Mtu anayekwenda kumwomba mnunuzi amrudishie, atasemwa mpaka kwenye mazishi yake.

Elva alitafuta pa kukaa avae viatu vyake vizuri. Akaona kiti cha jikoni, akakaa. Mwanamke mmoja wa kutoka mbali, asiyemjua, akamsogelea.

"Samahani mama, hicho kiti nacho kinauzwa?"

Elva akainama kuangalia mgongo wa kiti. Kweli, kilikuwa kimebandikwa namba. "Kinauzwa," akasema, akasimama.

"Miguu yake mizima?"

"Imenibeba tangu niolewe. Kama mimi mzima, nacho kizima."

Yule mama akakitikisa kiti, akakiinua, akachungulia chini yake, akakirudisha. Hakukinunua.

*

Kitu ambacho Elva hakukiweka kwenye mstari kilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya tela, chini ya turubai la kijani. Thelma Pohlner, mwenzake wa kumimina chai kanisani tangu walipokuwa wasichana, alimfuata huko.

"Nionyeshe basi hayo matope yako. Mji mzima unasema Elva kapata meza ya mbele kwenye maonyesho ya ukumbi wa mji, na mimi shoga yako sijaona hata kikombe."

"Si vikombe." Elva akainua pembe ya turubai.

Ndani ya maboksi, juu ya majani makavu ya ngano, lilikaa shamba la Noske lote, la udongo. Banda la kukatia kondoo manyoya, kubwa kama sanduku la mkate. Zizi la farasi. Ghala la nafaka. Pampu ya upepo bila mabawa, maana mabawa yangefanywa kwa waya baadaye. Thelma alivaa miwani yake.

"Mbao zina mishipa. Umechora na nini?"

"Sikuchora. Nilitandaza udongo kama chapati, nikaubeba mpaka bandani, nikaukandamiza kwenye ukuta wenyewe. Hiyo ni mishipa ya mbao zile zile. Na bati ni bati la paa lile lile."

"Na hili je? Hili si jiko la mama mkwe wako? Si liliungua, wewe?"

"Kwenye udongo halijaungua."

"Na halitaungua?"

"Litaungua Jumatatu, vizuri kabisa, kwenye tanuri la Glenys."

Wakacheka, Thelma akapangusa jicho. Hakujua kama ni kicheko au ni kingine.

Niseme hapa jambo moja ili msiulize baadaye. Bwawa la shamba lilipokauka, Elva aliona kwenye sakafu ya bwawa udongo mzito, wa rangi ya kijivu na manjano. Akamwambia mumewe alete toroli. Reinhold, aliyekuwa hajasema neno la maana wiki nzima, akasema, "Wenzako bwawa likikauka wanalia, wewe unaokota." Tangu hapo kila baada ya chakula walikaa mezani, yeye Elva anafinyanga, mume anaulizwa. Mlango wa zizi ulifungukia wapi? Nje. Hapana, ndani. Nje, mwanamke wewe, si ndio uliompiga farasi puani? Wanabishana mpaka chai inapoa. Elva hakufinyanga shamba lilivyokuwa siku ile, mabati yamening'inia na nguzo zimelala. Alifinyanga wanavyolikumbuka wawili. Na kwa kukumbuka huko alimpata tena mumewe kidogo kidogo, kama mtu anayevuta kamba ndefu kisimani.

Kuta zile zilikuwa nene. Udongo mnene ukiuharakisha motoni hupasuka, basi Elva aliuacha ukauke taratibu, bila jua kali, akiugeuza kama mkate. Siku ya mnada ulikuwa umekauka. Ukiugonga kwa kucha unalia. Lakini udongo mbichi, hata ulie namna gani, ni udongo tu. Usipopita motoni, tone moja la maji linautosha.

"Funika basi," akasema Thelma. "Mawingu yale."

Elva akatazama juu. "Mawingu yale yanakuja kila Jumamosi kutucheka," akasema. Lakini alifunika, akabana pembe zote nne kwa kamba, wakarudi kwenye chai.

*

Dalali, Desmond, alikuwa mtu wa sauti na tumbo. Alipanda nyuma ya pikapu, akaenda akiuza mstari baada ya mstari, umati ukimfuata kama kondoo wanavyofuata lori la nyasi.

"Mashine ya kujazia soseji! Imejaza soseji za Noske vizazi vitatu. Nani ananipa ishirini? Kumi? Jamani, Elva anasikia. Tano? Tano kwa kaka wa kofia nyekundu, mpe na ndoo juu yake."

Elva alisikia. Aliendelea kumimina chai.

Vikafika vifaa vya kufungia mizigo. "Kamba, minyororo, na maturubai matatu mazuri ya magunia ya ngano!" Merv Pohlner, shemeji yake Thelma, akainua kidole. Nyundo ikagonga. Merv alikuwa mtu mwema, mzito wa kuelewa, asiyependa kupunjwa. Akahesabu mzigo wake, akahesabu tena, akamtafuta Reinhold, aliyekuwa amesimama karibu na trekta lake kama mtu anayesindikiza maiti.

"Bwana Rein. Desmond kasema matatu. Mimi naona mawili."

Reinhold akakumbuka. Orodha alimpa Desmond mwezi uliopita, turubai la tatu likiwa bado bandani. Elva alilichukua baadaye.

"Lipo. Elva kafunikia vitu vyake kwenye tela."

"Ah, basi si neno. Niletee Jumatatu."

Hapo ndipo mambo yangeweza kwisha salama. Merv hakuwa na haraka, aliniambia hata yeye mwenyewe. Lakini mtu wa pembeni, kijana mmoja wa kina Zanker, akacheka na kusema, "Angalia, Merv, Jumatatu utakuta Noske kaligeuza pazia mjini." Ni mzaha tu. Waliokuwa karibu wakatabasamu ndani ya kofia zao.

Reinhold masikio yalimuwaka. "Jumatatu mimi si mtu wa huku," akasema. "Nilisema matatu. Njoo uchukue matatu."

"Rein, bwana, nimesema si neno."

"Noske hajabaki na kitu cha mtu. Njoo."

Akamtangulia nyuma ya nyumba akichechemea, maana nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu. Akafungua kamba zote nne. Alitazama maboksi, akatazama mbingu. Mawingu yalikuwa yamesogea, lakini mawingu hayo hayo yalikuwa yamesogea mwaka jana na mwaka juzi. "Hata hivyo yapate hewa," akasema, na hakuna aliyemuuliza. Akalikunja turubai vizuri, pembe kwa pembe, kama bendera, akamkabidhi Merv kwa mikono miwili.

"Pole na leo, bwana Rein," akasema Merv.

"Leo ni siku kama siku nyingine."

Akarudi kwenye trekta lake, likauzwa, akampa mkono aliyelinunua, akamweleza kwamba gia ya pili inataka kubembelezwa. Katika kubembeleza huko, turubai likamtoka akilini.

*

Elva alikuwa jikoni na Thelma wakiosha vikombe kwenye beseni, maana sinki nalo lilikuwa limeshang'olewa. Mara mabati juu yao yakalia, kama mtu karusha changarawe mkono mmoja. Kimya. Wakatazamana, mikono imejaa povu.

"Si kweli," akasema Thelma.

Ikamwagika. Mvua nzito, ya kishindo, isiyo na upepo, mvua ambayo watu wa Wimmera walikuwa wameiombea kila Jumapili mpaka mchungaji akaona aibu kuirudia. Huko nje watu waliacha vitu walivyonunua, wakasimama katikati ya uwanja nyuso zimetazama juu. Wazee wakavua kofia. Desmond, juu ya pikapu, alipiga nyundo yake hewani.

"Imeuzwa! Imeuzwa kwa Bwana Mungu!"

"Ungeuza mwaka juzi, Rein, ingenyesha!" mtu akapiga kelele. "Tungekuwa tumeshavuna!"

Kicheko kikaenda uwanja mzima. Elva akatoka na kitambaa cha vyombo mkononi, akamvuta Thelma kwa nguvu, wakazunguka kwenye tope kama wasichana wa kipaimara, viatu vyake vizuri vimekwisha. Alicheka mpaka nywele zikamshuka. Harufu ya ardhi ikapanda. Alisahau kabisa kwamba mvua ile ilikuwa inanyesha kwenye shamba la Zanker.

"Rein! Toka barazani, mzee, njoo ulowe! Utasema ulikuwa wapi?"

Reinhold alikuwa ameshika nguzo ya baraza. Alikuwa amekumbuka tangu changarawe ile ya kwanza. Akageuka, akashuka ngazi za nyuma akivuta mguu.

Elva alimwona anakwenda, akadhani anakwenda kulia kwa furaha pasipo macho ya watu, kama wanaume wa huku wanavyofanya. Akamfuata akicheka. Alipopinda kona ya nyumba alimkuta ameinama juu ya tela. Amevua koti lake la kanisani, amelitandaza juu ya boksi moja, na juu ya koti amelala kwa kifua, mgongo wa shati lake umeshikana na mwili.

Elva hakuelewa mara moja. Alitafuta rangi ya kijani, hakuiona.

"Turubai liko wapi?"

"Kwa Merv."

"Merv kalichukua?"

"Nimempa."

"Alilitaka?"

Mvua ilikuwa inampiga Reinhold machoni. "Alisema Jumatatu," akajibu. "Mimi nikasema leo."

Maboksi ya karatasi yalikuwa yamelegea. Ghala la nafaka lilikuwa limeinama upande mmoja kama mlevi. Paa la banda la manyoya lilikuwa bado na mistari ya bati, na maji yalitiririka kwenye mistari ile sawasawa, kama paa la kweli linavyotiririsha, na kila yakishuka yalikwenda na mstari mmoja. Mishipa ya mbao ilifutika. Jiko la mama mkwe likakaa chini pole pole, kuta zikitoka nje, bila sauti yoyote. Elva alinyoosha mikono ainue kitu, asijue ainue kipi, na kila alichokigusa kilibaki na alama ya vidole vyake.

"Sogea," akasema. "Tuone hilo uliloliokoa."

Reinhold akainuka, akafunua koti. Ndani ya boksi lile mlikuwa na birika, vibanio vya nguo na kopo la chai. Lilikuwa ndilo boksi la karibu.

Walisimama. Upande wa mbele wa nyumba watu walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kanisa, wa kushukuru, sauti za kiume, nzuri. Pikapu ya Merv ikapita taratibu kuelekea getini, mzigo wake wote umefunikwa kwa turubai la kijani, na Merv akawapungia mkono.

Reinhold akainua mkono wake, akampungia.

*

Waliingia mjini jioni, jua limetoka tena chini ya mawingu, kila kitu kinang'aa. Tela liliwafuata likidondosha maji ya kijivu barabarani. Nyumba ya kupanga ilikuwa na vyumba viwili, jikoni dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama ukuta wa matofali wa jirani. Walipakua. Majani na tope Elva alivimimina kwenye ndoo, kwa sababu hakuna mfinyanzi anayetupa udongo, hata akiwa na hasira namna gani.

Simu ikalia. Alikuwa Glenys, mwenye tanuri.

"Elva, nimelifagia tanuri lote, ni lako. Unaleta kesho au Jumatatu? Na hiyo mvua, jamani! Mmeipata?"

"Tumeipata."

"Utukufu kwa Mungu."

"Glenys, choma tu vikombe vyako. Vyangu vimelowa."

"Vyote?"

"Vyote."

"Masikini. Lakini udongo si unao? Uanike, uukande, ufinyange tena. Uzuri wa udongo mbichi ndio huo."

"Ndio huo," akasema Elva, akaweka simu.

Reinhold alikuwa amekaa juu ya sanduku, maana viti havikuwapo. Maji ya kiatu chake yalikuwa yamefanya dimbwi dogo kwenye sakafu ya watu.

"Nitakuletea toroli jingine," akasema. "Zanker nitamwomba. Nitasimama getini kwake nimwombe."

"Bwawa limejaa, Rein. Utachimba kwa mtumbwi?"

"Basi udongo huu huu. Si upo kwenye ndoo?"

"Udongo upo." Alikuwa anakata mkate, akaacha kisu. "Ukuta wa kuukandamizia uko wapi? Jumatano Zanker anaangusha banda. Nikae niufinyange kwa kutazama matofali ya huyu hapa?"

"Mimi nitakwambia. Nakumbuka kila ubao."

"Unakumbuka kila ubao, na turubai ukasahau."

Hilo lilimwingia. Akaanza kufungua kamba za viatu vyake vilivyolowa.

"Yule mtoto wa Zanker alicheka," akasema mwisho.

"Nani?"

"Kwenye mnada. Alisema nitaligeuza pazia."

Elva akamtazama yule mzee mwenye shati lililolowa. Aliniambia kwamba hapo alitaka kumpiga na mkate. "Kumbe kwa hilo," akasema. "Angesema utamgeuza mkeo pazia, ungenikunja pembe kwa pembe ukampa na mimi."

Reinhold karibu acheke, akaona usoni mwake kwamba haukuwa mzaha, akaacha. Wakala mkate na soseji baridi, wamesimama.

Kulikuwa bado na mwanga walipolala. Hawakuwa na pazia, na watoto wa mtaa walikuwa wanarukaruka kwenye madimbwi nje ya dirisha. Godoro lilikuwa sakafuni. Elva alilala upande wake, mgongo kwa mumewe. Reinhold alilala chali.

"Unaingia getini," akasema kwa sauti ndogo. "Mkono wa kushoto unaacha mipilipili."

Elva alijivutia blanketi.

"Mkono wa kulia mizinga ya nyuki ya baba. Minne."

"Mitano," akasema Elva kwenye ukuta.

"Mitano. Unapita mizinga, unafika nyumba ya mbwa. Kisha zizi."

"Kisha kisiki. Halafu ndipo zizi." Sauti yake ilikuwa nzito. "Mimi sifinyangi tena, Rein. Hata ukiniambia mpaka asubuhi."

"Najua. Nasema tu."

"Basi sema."

Akasema. Alipita zizini, akapita jikoni kwa mama yake, akataja kilichokuwa kwenye kila rafu. Akasubiri kusahihishwa, hakusahihishwa. Akaenda mpaka banda la manyoya, akapanda ngazi zake, akashuka upande wa pili, akafika kwenye tangi la maji, ambalo alisema lilikuwa upande wa mashariki, lile la bati lililotoboka. Hapo akasimama, akasikiliza.

Lilikuwa upande wa magharibi. Kila mtu aliyewahi kunywa maji yake anajua. Lakini Elva alikuwa ameshalala, mdomo wazi kidogo, tope la kijivu bado liko chini ya kucha zake. Reinhold alingoja kidogo zaidi. Kisha akaliacha tangi pale alipoliweka, akaendelea na uzio, nguzo moja moja, mpaka watoto wa nje walipoitwa ndani, naye usingizi ukamchukua.